Njia ya Maziwa ya Ruwenzori (Sehemu ya Pili): Mnyama, Baridi na Haraka

Juma lililopita tuliishia Kalonge, kibanda cha kwanza cha njia ipandayo Ruwenzori kutoka Mutwanga, mita zaidi ya 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tangu hapo vijana wa hapa Bunia wamekuwa wakiniuliza swali moja: huko juu kuna wanyama gani, na mtu akikutana nao afanye nini?

Wengi wetu habari za kutembea milimani tumezipata katika filamu za Marekani, na humo hofu kubwa ya mtembeaji ni dubu. Afrika haina dubu wa porini. Waliokuwako, wa milima ya Atlas huko Moroko na Aljeria, walitoweka katika karne ya 19. Lakini elimu ambayo Wamarekani wameipata kwa kuishi na dubu inatufaa hata sisi. Mtembeaji wao hufundishwa azungumze au aimbe anapokaribia kona na vichaka, ili mnyama amsikie mapema na kuondoka. Chakula halali nacho hemani. Hukitundika mtini, mbali na mahali pa kulala. Na katika hifadhi ya Yellowstone ni marufuku kumkaribia dubu chini ya mita 91. Sababu ni kwamba mnyama mkubwa hana haja na mtu. Hudhuru akishtushwa, akiwa na mtoto wake, au akiisha kuzoea vyakula vya watu.

Sasa tuirudie njia yetu. Chini, katika msitu ulio upande wa bonde la Semliki, wenyeji wa njia ni tembo, mbogo, chui na sokomutu. Kwa tembo jambo la kwanza ni upepo: pua yake hukujua kabla macho yake hayajakuona. Ukikuta kinyesi chenye mvuke, au matawi yaliyovunjwa ambayo bado yanatoka utomvu, msafara usimame, mlinzi wa Parke ya Virunga atangulie, na kama kuna ndama asipite mtu yeyote kati yake na mama yake. Mbogo aliye peke yake ni wa kuepukwa zaidi kuliko kundi zima. Chui hupanda juu sana, lakini anayemwona ana bahati, kwa maana yeye humwona mtu kwanza na kujiendea zake.

Usiku atakayekutisha ni perere. Ni mnyama mdogo, hazidi sungura kwa ukubwa, lakini hulia gizani kwa sauti inayoanza kama mlango usiotiwa mafuta, ikapanda, ikaishia katika ukelele kama wa mtu anayekabwa. Mgeni asiyeambiwa mapema hakeshi peke yake. Huamsha kibanda kizima.

Hao ndio wanyama, na nimewamaliza upesi kwa makusudi. Hatari iliyo kubwa kuliko wote katika njia hii haina meno. Ni mwili uliolowa katika baridi, na mtu aliye na haraka.

Tupige hesabu. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Bunia yetu iko kwenye mita 1,270 hivi, na kibanda cha tatu cha njia, Kiondo, kiko karibu mita 4,200. Siku ambayo sokoni kwetu ni nyuzi 26, Kiondo mchana ni kama 8, na usiku maji huganda. Ongeza mvua, ambayo Ruwenzori hainyimwi hata katika miezi ya afadhali, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Juu ya mianzi huanza miti ya erika iliyovikwa ukoga mzito kama blanketi lililolowa, na chini yake ni tope. Mtu huruka kutoka shina hadi shina, akikosea huzama hadi gotini. Suruali ya jinzi ikilowa hapo haikauki tena hadi urudi nyumbani, na joto lote la miguu hunywewa na kitambaa. Sweta la sufu kuukuu lina thamani kuliko koti jipya la pamba. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiofunguliwa mchana hata mtu akilia.

Mwenzako akitetemeka, mpe nguo kavu na uji wa moto. Akianza kujikwaa na maneno yake kuchanganyika, simamisheni safari. Akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, msifurahi: hapo mwili umeshindwa kujipasha moto.

Halafu kuna hewa. Kiondo, kila pumzi ina oksijeni isiyofika theluthi mbili ya ile ya pwani. Kichwa huuma, chakula hukataa, usingizi hukatika. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Sasa Mahangu, kibanda cha pili, kiko mita zaidi ya 3,300. Kutoka hapo hadi Kiondo ni karibu mita 900 za siku moja! Njia yenyewe haitoi nafasi ya kupumzika katikati, basi mtu alale Mahangu siku mbili. Anayepepesuka kama mlevi au anayekohoa povu hangoji asubuhi. Hushushwa usiku huohuo. Hata jikoni hewa hii hutawala: maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, na maharagi yatachosha kuni zako bila kuiva. Beba unga wa uji, karanga na mchele.

Aliyeivumilia njia hiyo huyafikia maziwa. Wabelgiji waliyaita kwa rangi zake: Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani, Ziwa la Kijivu, Ziwa Jeupe. Ruwenzori si volkano kama Nyiragongo. Ni bamba la mwamba lililosukumwa juu pamoja na kufunguka kwa Bonde la Ufa. Zamani barafu ilishuka chini sana kuliko leo, ikachimba mashimo katika mwamba na kuacha kuta za vifusi mbele yake. Ilipoyeyuka, maji yakabaki mashimoni. Rangi nayo ina sababu. Barafu inayosonga husaga jiwe kuwa unga mwororo usiozama upesi, na maji yanayoupokea huwa mazito, ya kijivu. Yale yasiyoupokea hubaki angavu, yakionyesha kina chake na vivuli vya majabali. Kandoni husimama senesio, mimea mikubwa kumzidi mtu, inayohifadhi majani yake makavu shinani kujikinga na umande unaoganda, na lobelia zinazofumba majani usiku kuukinga moyo wao.

Siandiki haya ili mtu afunge mzigo kesho. Barabara ya Komanda, Luna, Eringeti hadi Beni imemwaga damu ya raia wengi, na 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Parke ya Virunga, iliyoanzishwa 21 Aprili 1925 na iliyo kongwe kuliko zote barani, imezika walinzi zaidi ya 200. Ninaandika kwa sababu ujuzi huu uko vichwani mwa wapagazi na viongozi wa njia wa Mutwanga, nao wanazeeka bila safari za kuwafundishia vijana. Kilichoandikwa kimeandikwa zaidi na wageni: msafiri Stanley aliyeiona theluji ya Ruwenzori 24 Mei 1888 akiwa karibu na Ziwa Albert, upande wa Ituri hii yetu; Duki wa Abruzzi wa Italia aliyefika kilele cha Margherita, mita 5,109, mwezi Juni 1906; na Wabelgiji wa msafara wa Xavier de Grunne wa 1932. Mizigo yao ilibebwa na watu wetu. Mwenye babu, baba au mjomba aliyewahi kupanda na amkalishe chini, amuulize majina ya mito, mahali pa kuvukia na dalili za mvua, na aandike.

Juma lijalo tutatoka Kiondo kuelekea barafu yenyewe, ambayo mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba na leo haifikii hata moja.