Studio Nyumbani, na Haki ya Jirani

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Leo mpiga udi wa Mombasa aweza kuifanya kazi hiyo chumbani mwake, kwa kompyuta na maikrofoni moja. Lakini chumba hicho kina majirani, na jirani ana haki yake. Ukimkosesha mgonjwa usingizi kwa dumbaki la usiku wa manane, utamu wa taarabu wageuka shubiri.

Wengi huanza kwa kubandika trei za mayai ukutani. Wasomaji wapenzi, trei hizo hazizuii sauti kutoka. Hupunguza mwangwi kidogo tu mle ndani. Kinachozuia sauti ni uzito, na kuzibwa kwa nyufa.

Nilipokitengeneza chumba changu Mji wa Kale, kuta hazikunipa taabu, kwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli. Taabu ilikuwa mlango na dirisha. Usiku nilizima taa, mwanangu akamulika tochi kutoka nje: palipopenya mwanga, ndipo sauti nayo hupenya. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hapa hata ukuta hautufai ufa usipozibwa. Matundu yakiwa sehemu 1 tu kwa 100 ya ukuta, ukuta huo, hata uwe mnene vipi, hautapunguza sauti zaidi ya desibeli 20 hivi.

Basi niliung'oa mlango mwepesi nikatia wa mbao nzito, nikaupigia ukanda wa mpira pande zote, na chini pia. Dirisha nililiongezea kioo cha pili, nikaacha nafasi baina ya viwili hivyo.

Dumbaki na besi zina hila nyingine: hupita katika sakafu na boriti zenyewe. Ziwekee zulia nene juu ya mpira. Hata hivyo besi haizuiliki yote. Usiku tumia vifaa vya kusikilizia masikioni.

Mwangwi wa ndani hutulizwa na magodoro ya sufi na mapazia mazito. Yatundike mbali kidogo na ukuta, yatafaa zaidi. Jihadhari na sponji: hushika moto upesi, na moshi wake una sumu. Wala usizibe hewa yote, maana joto la kaskazi walijua. Ipitishe katika kijisanduku chenye kona kadhaa, kilichotandikwa kitambaa kizito ndani.

Na adhana je? Hiyo si ya kushindana nayo kwa mbao na mpira. Muadhini akianza, zima maikrofoni, ukaswali.

Mwisho, kabla ya kuanza kazi, mpigie hodi jirani. Umwombe akae chumbani mwake asikilize huku mwenzako akipiga ngoma. Sikio lake ndilo kipimo. Akisema bado yasikika, rudi ukaziba.