Watu Kumi wa Endcliffe Park

Ukiteremka basi pale Hunters Bar, Sheffield, ukaingia bustani ya Endcliffe, ukaupita uwanja wa nyasi ambao watoto hucheza mpira, nyuma ya mkahawa utaona mteremko wenye miti. Kwenye mteremko huo kuna jiwe la kumbukumbu la watu kumi. Liliwekwa mwaka 1969, na pamoja nalo ikapandwa mialoni kumi ya Kimarekani, mmoja kwa kila mtu. Mimi nimekulia dakika kumi kutoka hapo. Wiki hii kwenye kipindi tulizungumza kuhusu neno "nyumbani", muda ukatuishia, na hili la Endcliffe halikupata nafasi. Basi nalileta hapa.

Tarehe 22 Februari 1944 ndege ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-17, iliyopewa jina la *Mi Amigo*, iliondoka kituo cha Chelveston huko Northamptonshire. Safari ilikuwa ya Aalborg, Denmark, kwenye uwanja wa ndege ulioshikwa na Wajerumani. Wiki ile Wamarekani walikuwa wakirusha mamia ya ndege kila siku hali ya hewa iliporuhusu, nia ikiwa kuvunja nguvu za Wajerumani angani kabla majeshi hayajateremka Ufaransa. *Mi Amigo* ilishambuliwa na ndege za kivita, ikajikokota kuvuka Bahari ya Kaskazini ikiwa imeumia, na ikajikuta juu ya Sheffield, zaidi ya kilomita 100 kutoka kituoni kwake. Kiasi cha saa kumi na moja jioni ikaanguka kwenye ule mteremko na kuwaka moto. Wote kumi walikufa. Chini hakufa mtu.

Fikiria hao kumi walivyokuwa wamekaa. Marubani wawili mbele. Mlenga mabomu puani kabisa, na mwongoza njia karibu yake. Fundi wa injini, ambaye ndiye pia mpiga bunduki wa juu. Mtu wa redio. Wapiga bunduki wawili ubavuni, mmoja mkiani amepiga magoti, na mmoja, Charles Tuttle, kazi yake ilikuwa kujikunja ndani ya tufe la chuma na kioo lililoning'inia chini ya tumbo la ndege. Huko juu baridi yake inagandisha vidole. Rubani, John Kriegshauser wa Missouri, alikuwa na miaka 23. Umri wa vijana tunaowapokea kazini kwetu kila Septemba, ambao bado wanapigia simu mama zao kuuliza wali unapikwaje.

Halafu yasome majina. Kriegshauser ni jina la Kijerumani, na mwenye jina hilo alikuwa akipigana na Wajerumani. Kuna Melchor Hernandez. Kuna Vito Ambrosio. Ndege yenyewe ina jina la Kihispania, maana yake rafiki yangu. Sisi ambao majina yetu hutamkwa vibaya kila mwalimu anapoita daftari tunayajua majina ya namna hii. Yanakuambia kwamba kuna bibi aliyeshuka melini na sanduku lake. Na hakuna aliyesimama mbele ya jiwe lile akauliza, "Lakini kwao hasa ni wapi?"

Aliyewafanya wajulikane nchi nzima ni mzee Tony Foulds. Anasimulia kwamba alikuwa mtoto, anacheza pale uwanjani na wenzake, ndege ikazunguka juu yao, rubani akiwapungia mkono. Wao wakampungia pia. Baadaye akaelewa kwamba alikuwa akiwaambia ondokeni, nataka kutua. Kwa miaka mingi alikwenda pale kufagia majani, kusafisha jiwe, kubadilisha maua, na kuzungumza na wale kumi kama watoto wake.

Wapo wanaouliza kama ilikuwa hivyo kweli. Waliokuwa ndani walikufa wote, kwa hiyo hakuna wa kutueleza rubani aliona nini. Kwangu mimi swali hilo halipunguzi kitu. Mzee alijiona ana deni, akalilipa kwa fagio. Ni wangapi kati yetu wenye madeni yaliyothibitishwa kabisa, na hatujagusa hata ufagio?

Januari 2019 mtangazaji wa BBC, Dan Walker, alikutana naye bustanini kwa bahati tu. Mzee, wakati huo ana miaka 82, akasema anachotamani ni ndege zipite juu ya pale kuwaaga. Wiki chache baadaye, asubuhi ya tarehe 22 Februari, miaka 75 kamili, zikapita: za Uingereza na za Marekani. Nilikuwepo, binti yangu mabegani, tumebanana na maelfu ya watu kwenye nyasi zenye umande. Saa tatu kasorobo mngurumo ukaanza, watu wazima wakawa wanafuta macho. Binti yangu alitaka kujua kama zitarudi tena.

Jioni nilimtumia baba video, Leicester. Alikaa kimya, kisha akaandika: "Februari 1944 ndio mwezi wa meli."

Nyumbani kwetu meli haikuwa na jina. Kaka yake babu alikuwa mpiga mizinga, alipanda meli Kilindini, hakurudi, basi. Meli hiyo ni *Khedive Ismail*. Tarehe 12 Februari 1944, siku kumi tu kabla ya *Mi Amigo*, ikiwa njiani kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, zaidi ya 600 kati yao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Majina yao yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita karibu na Ngong Road. Miaka yote hiyo hakuna wa kwetu aliyekwenda kuyatazama, na nauli ya matatu si kitu.

Mwaka jana shangazi alikwenda. Akatutumia picha kwenye WhatsApp, baba akaikuza kwa vidole viwili mpaka herufi zikawa ukungu. Jina limeandikwa kwa namna ambayo sisi hatuliandiki, lakini ni yeye.

Ibada ya Endcliffe hufanywa Februari, Jumapili iliyo karibu na tarehe 22. Ukija, vaa buti, kuna tope. Safari hii baba anakuja. Amepiga simu mara mbili kuuliza kama majina ya wale Wamarekani husomwa kwa sauti, na ni nani anayeyasoma.