Jando, Msalaba na Swali la Wokovu

Mavuno yakishaingia ghalani, vijiji vya uwanda wa Makonde huingia katika msimu wa jando. Kuanzia Mkunya na Newala mpaka chini Masasi, wazazi, Wakristo kwa Waislamu, huwaandaa wavulana wao, na makungwi hujiweka tayari kuwafunda. Kwa Wakristo, msimu huu unagusa swali la tangu enzi za mitume: je, mtu huokoka kwa kushika sheria au kwa kumwamini Kristo?

Swali hilo nusura lilipasue Kanisa lingali changa, na kilichozua mzozo kilikuwa tohara. Sura ya 15 ya Matendo ya Mitume inaeleza kikao cha Yerusalemu, ambako baadhi ya waumini walidai watu wa mataifa mengine watahiriwe kwa sheria ya Musa, la sivyo hawataokoka. Petro alisimama akapinga, na Yakobo akashauri wasitwishwe mzigo huo. Hata hivyo, baadaye Paulo huyohuyo aliyetetea uamuzi huo alimtahiri Timotheo, ilhali kwa Tito alikuwa amekataa katakata. Timotheo alitahiriwa ili Wayahudi wa kwao wampokee. Kwa Tito, tohara ilidaiwa kana kwamba imani yake haijatosha, na hapo Paulo hakurudi nyuma hata hatua moja.

Masasi jambo hilohilo lilikuja kwa sura nyingine. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar. Kwa watu wa huku jando lilikuwa shule ya utu uzima, na asiyelipitia alibaki mtoto machoni pa wenzake. Wamisionari wengi waliliona kuwa upagani wa kukomeshwa. Hivyo hatari ikahamia upande wa pili: kutokwenda jandoni nako kungeweza kugeuzwa sharti la kuwa Mkristo.

William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alichagua njia tofauti. Yeye na mapadri Waafrika waliunda jando la Kikristo. Sala kwa Mungu zilichukua nafasi ya matambiko ya mizimu, padri akawa karibu na wali, yaani wavulana waliokuwa jandoni, na mafunzo yaliyopingana na Injili yakaondolewa. Lucas asingefika mbali peke yake. Mapadri kama Kolumba Msigala waliijua mila hii kwa ndani, wakajua kipi kinajenga na kipi kinabomoa. Mwanahistoria Terence Ranger alikichambua kisa hiki katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972, na hadi leo wanaochunguza Ukristo wa Afrika wanaurejea.

Naamini Lucas na wenzake walikuwa sahihi, kwa sharti moja: jando hilo libaki malezi. Siku kijana atakapodhani kwamba kutahiriwa chini ya msalaba kumemfanya mwana wa Mungu, tutakuwa tumewarudia wale waliopingwa Yerusalemu. Na hatari hii haiishii jandoni. Zipo jumuiya ambamo kadi ya zaka isiyojazwa humnyima marehemu maziko ya kanisa, na mama aliyeolewa kimila huhesabiwa amekwisha kupotea. Utaratibu ni jambo jema, lakini tukiufanya mlango wa mbinguni, tumemweka Kristo kando.

Wapo watakaosema kwamba mafundisho haya yatawalegeza watu. Yakobo aliwajibu mapema: imani isiyo na matendo imekufa. Mkorosho hauwi mkorosho kwa sababu umezaa. Huzaa kwa kuwa ni mkorosho. Vivyo hivyo, aliyeokolewa kwa neema huacha wizi, hutunza wazazi, humheshimu mkewe. Matendo hayo ni ushahidi wa wokovu, hayaununui.

Juu ya hili hata makanisa yaliyofarakana yamekaribiana. Tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walitia saini mjini Augsburg, Ujerumani, tamko la pamoja kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Mwaka 2016, Baraza la Ushauri la Anglikana lilipokutana Lusaka, Zambia, nalo lilikubali kiini cha tamko hilo. Kwa hiyo Mwanglikana wa Mkunya na Mkatoliki wa Ndanda, ambako Wabenedikto wapo tangu 1906, wanaweza kuwafundisha vijana wao jambo moja.

Basi wali wanapofundwa, wafundishwe kwa mpangilio huu: kwanza waambiwe kwamba Mungu amewapenda kabla hawajavumilia kisu wala kujifunza adabu, kisha wafundishwe adabu yote, bila kupunguza hata moja. Mabaraza ya parokia nayo yaanze na kadi za zaka: asinyimwe mtu maziko kwa deni ambalo Kristo hakumdai.