Rejesta ya Hospitali: Muuguzi Anapouliza Jina Lako

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu rejesta hukimbilia mfano wa hotelini: "Nani wali kuku?" Ni mfano sahihi, ila umechoka. Leo twende wodini, mahali ambapo lugha ikikosewa mtu anaweza kupewa dawa isiyo yake.

Kama unaishi Chikongola, huenda umewahi kumpelekea ndugu chakula pale Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mtwara. Katika wodi yoyote utasikia wauguzi wakisemezana: "Kitanda cha tano ameshachomwa?" Sentensi ni fupi na kitanda kimegeuka mtu. Hiyo ndiyo rejesta. Kazi ni nyingi, na wanaozungumza wanaelewana.

Lakini muuguzi huyohuyo akifika na dawa mkononi, mkato unakoma. Namba ya kitanda haitoshi, maana wagonjwa huhamishwa. Anatakiwa kuhakiki angalau vitambulisho viwili, kwa mfano jina kamili na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili, kisha avilinganishe na karatasi ya dawa. Angalia na muundo wa swali. Haulizi "Wewe ndiye Fatuma?" bali "Jina lako kamili ni nani?" Swali la kwanza hujibiwa kwa ndiyo, na mwenye homa kali huitikia lolote.

Nililiona hili nikimuuguza bibi yangu. Liliitwa jina la Fatuma, bibi akaitika "Abee!" huku amefumba macho. Yeye anaitwa Somoe. Muuguzi akauliza jina la baba, akasita, akarudisha vidonge kwenye sinia. Fatuma mwenyewe alikuwa kitanda cha dirishani, amelala fofofo. Huku kwetu ambako akina Fatuma na Hamisi wamejaa kila mtaa, jina moja halimtambulishi mtu.

Dawa ikishatolewa, si kabla, muuguzi huandika jina la dawa, kiasi, njia iliyotumika (kumezwa, msulini au mshipani), saa, na sahihi yake. Akiandika mapema, kisha mgonjwa akakataa kumeza, karatasi itakuwa imesema uongo. Dawa ambayo haikutolewa nayo huandikwa, pamoja na sababu. Mkato hapa unaruhusiwa pale tu unapoeleweka kwa namna moja: "1x3" ni kidonge kimoja kutwa mara tatu.

Saa ndiyo inayotutega sisi Waswahili. Kwa malaria kali, sindano ya artesuneti hutolewa mgonjwa anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, na tena saa 24 baada ya ile ya kwanza. Tuseme ya kwanza ilikuwa saa nane mchana. Ya pili itaangukia saa nane usiku. Muuguzi wa zamu ya usiku akikuta "saa 8" tu, atajuaje ni ipi iliyokwisha kutolewa? Kwa hiyo huandikwa kwa mfumo wa saa 24: 14:00 na 02:00. Nawe ukichungulia karatasi ya ndugu yako, usisome 02:00 kama saa mbili. Kwa mdomo wetu ni saa nane usiku.

Jipime

(a) Mgonjwa alichomwa artesuneti ya kwanza saa kumi na moja jioni. Andika saa za sindano zote tatu kwa mfumo wa saa 24.

(b) "Kitanda cha tano ameshachomwa?" Eleza sifa mbili za rejesta zinazojitokeza katika sentensi hii.