Trela za kale: mng'aro bila breki ni hatari
Trela za Airstream, nyumba za magurudumu zilizoanza kuundwa Marekani katika miaka ya 1930, zinaendelea kufufuliwa na wapenzi wa vitu vya kale.

Kati ya mwaka 1959 na 1960, msafara wa trela hizo ukiongozwa na mwasisi wake, Wally Byam, ulitoka Cape Town hadi Cairo.

Maganda yake ya alumini hayashiki kutu kama chuma. Hata hivyo, usalama wa wasafiri hutegemea breki, wala si mng'aro.

Katika breki za umeme, dereva akikanyaga pedali, umeme huamsha sumaku iliyo ndani ya dramu ya gurudumu. Sumaku hunata kwenye dramu inayozunguka na kuvuta wenzo, nao wenzo husukuma vipande vya breki vikaibana dramu.

Waya ukikatika, sumaku ikilika au grisi ya beringi ikivujia humo, trela hushindwa kusimama na hulisukuma gari linaloivuta.

Kwa hiyo fundi hufungua kila dramu, hupima umeme unaofika kwenye sumaku, kisha hukagua swichi ya dharura. Trela ikichomoka barabarani, swichi hiyo hufunga breki kwa betri ya trela yenyewe.