Nyoka Kipofu wa Pemba na Jinsi Alivyopewa Jina

Mkulima wa Pemba apalilapo muhogo baada ya mvua, huenda jembe lake likafukua kitu chembamba cha rangi ya waridi, kinachojipindapinda kikikimbia jua. Wengi watadhani kuwa ni nyungunyungu. Mwenye macho makali ataona magamba yanayong'aa, naye pengine atakipiga papo hapo, kwa kuwa nyoka ni nyoka. Lakini nyoka huyo hana sumu, na kinywa chake ni kidogo mno hata hawezi kumwuma mtu. Chakula chake ni mayai na mabuu ya mchwa na siafu, na maisha yake yote ni chini ya ardhi.

Wataalamu humwita Letheobia pembana. Jina hilo alipewa mwaka 2007 na Donald Broadley wa Zimbabwe na Van Wallach wa Marekani, walipozichunguza upya nyoka vipofu wa ukoo huo katika Afrika ya Mashariki. Msomaji asidhani kwamba kazi ya namna hiyo ni ya kuzunguka msituni na fimbo mkononi. Sehemu kubwa hufanywa mezani, mbele ya chupa za spiriti, kwa hadubini na subira.

Sababu ni kwamba nyoka hawa wamefanana mno. Nyoka wa kawaida ana magamba mapana tumboni, ambayo humsaidia kutambaa. Nyoka kipofu ana magamba ya kadiri moja mwili mzima, juu na chini. Macho ya Letheobia hayaonekani kwa nje. Mkia ni mfupi, nao haupishani sana na kichwa kwa umbo, ndiyo maana watu husema ana vichwa viwili. Basi mtaalamu hubaki na kuhesabu: mistari mingapi ya magamba huzunguka mwili, na magamba mangapi yamepangana mgongoni toka kichwani hadi mkiani. Hesabu hii ya pili hufika mamia, na anayekosea katikati hurudi mwanzo. Kisha hutazama jinsi magamba ya kichwani yanavyogusana. Hata meno hutoa ushahidi: jamaa hii ina meno katika taya la juu tu, na jamaa nyingine ya nyoka wembamba wa udongoni, ambao hufanana nao sana, ina meno katika taya la chini tu.

Lakini hesabu njema haitoshi kama kibandiko cha chupa ni kibaya. Mwaka 1868 Cope, wa Marekani, alimpa jina nyoka kipofu mwingine, naye akaandika kwamba ametoka Zanzibar. Katika siku zile Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya pwani yote, na vitu vingi vya bara vilisafirishwa kutoka hapo. Kwa hiyo neno hilo peke yake juu ya kibandiko halikuonyesha daima mnyama alikochimbuliwa. Mashaka kama hayo yangeweza kutokea hata leo. Chupa ikiandikwa "Lindi" tu, ni Lindi ipi? Iko Lindi ya Kibera, mjini Nairobi, na iko Lindi ya kusini mwa Tanzania, ambako katika uwanda wa juu wa Rondo alipatikana nyoka kipofu aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1942. Loveridge huyo ndiye aliyewahi kuwa mwangalizi wa makumbusho ya Nairobi katika miaka ya 1910.

Kwa nyoka wa kisiwani mahali ni jambo kubwa zaidi. Yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kwa kiasi cha mita 120 hivi. Mkondo wa Unguja hauna kina kikubwa, kwa hiyo Unguja iliungana na bara, na wanyama wakapita kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Wanyama wa Pemba wameishi peke yao tangu zamani sana, na ndiyo sababu kisiwa hicho kina popo wake, bundi wake na njiwa wake wasiopatikana kwingine. Nyoka asiyeweza hata kustahimili jua la saa sita angevukaje bahari?

Hata hivyo yuko mmoja aliyevuka, tena bahari kubwa. Huyo ni nyoka kipofu wa Asia, mweusi au kahawia, ambaye amesafirishwa duniani ndani ya udongo wa vyungu vya maua, na sasa yuko katika miji ya pwani yetu. Wote ni majike na huzaa bila dume. Akifika mmoja, kizazi kimefika. Ana mistari 20 ya magamba toka shingoni hadi mkiani, na macho yake huonekana kama nukta mbili nyeusi. Ni rahisi kumchukua mgeni huyu kwa mwenyeji, au mwenyeji kwa mgeni, na orodha ya wanyama wa kisiwa ikaharibika.

Wala kazi haijamalizika hata bara. Mwaka 2016 Patrick Malonza na wenzake, Bauer na Ngwava, walieleza aina mpya ya Letheobia kutoka nchi ya Mbeere, katika Kenya, mahali palipolimwa na watu kwa vizazi vingi.

Mtu akimfukua nyoka wa namna hii, picha iliyo wazi, iliyopigwa karibu na sarafu ili ukubwa ujulikane, yaweza kumfaa mtaalamu sana. Tarehe iandikwe, na jina la kijiji na la kisiwa au wilaya, si jina la mji wa karibu. Kisha arudishwe udongoni upesi, kivulini, kabla ngozi yake haijakauka.