Sifa, Jinsia na Kiti cha Spika: Tafakuri kutoka Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania

Makala haya yanachunguza swali linalosikika kila uchaguzi unapokaribia nchini Tanzania: je, kiongozi wa kitaifa achaguliwe kwa jinsia yake au kwa sifa zake? Swali hili huulizwa bungeni, redioni, na hata sokoni Mwanjelwa, na jibu lake hutolewa upesi: sifa. Ni vigumu kumpata mtu atakayetamka hadharani kwamba anataka kiongozi asiye na sifa. Mwandishi aliliweka swali hilo katika rasimu ya kwanza ya dodoso lake, kisha akaliondoa, kwa kuwa swali linalojibiwa na kila mtu kwa namna moja halipimi kitu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sifa na jinsia si vitu viwili vinavyokutana kwa mara ya kwanza siku ya kupiga kura na kushindana. Jinsia huwa imekwisha kufanya kazi yake mapema, mahali pale ambapo sifa hupatikana.

Mfano uliochaguliwa ni kiti cha Spika wa Bunge. Spika ni mkuu wa mmoja wa mihimili mitatu ya dola, na Nyanda za Juu Kusini zimekitolea kiti hicho watu watatu tangu uhuru: Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, Anne Makinda wa Njombe (wakati huo Njombe ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Iringa), na Tulia Ackson wa Mbeya, mzaliwa wa Rungwe. Mmoja ni mwanamume, wawili ni wanawake. Namna kila mmoja alivyozungumzwa alipopewa kiti hutufundisha mengi kuliko dodoso lililoachwa.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili, sifa ni jambo linalomfanya mtu astahili cheo, na vilevile ni maneno mema yanayosemwa juu yake. Ndiyo maana tunaweza kusema kwamba fulani ana sifa za kuwa mbunge, na papo hapo tukasema kwamba fulani anapenda sifa. Maana hizi mbili hazitenganiki kirahisi. Sifa haikamiliki mpaka awepo wa kusifu. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini bila kutajwa hana sifa machoni pa umma, ingawa anao uwezo. Wanaolitumia neno hili katika mjadala wa jinsia huliegemeza kwenye maana ya kwanza, kana kwamba ni kipimo kilichokaa mezani kama mizani ya dukani. Kwa hakika wanatumia zote mbili.

Sheria nayo haikuweka kipimo kikubwa. Kwa mujibu wa Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, anayetaka ubunge anatakiwa kuwa raia, awe ametimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Ibara ya 84 inaruhusu Spika achaguliwe miongoni mwa wabunge au watu wenye sifa za kuwa wabunge. Kwa Rais, Ibara ya 39 inaongeza masharti machache, yakiwamo kuwa raia wa kuzaliwa na kutimiza miaka 40, shahada haimo. Inafaa kutaja pia kwamba Kiswahili cha Katiba hakina "yeye wa kiume" wala "yeye wa kike": kiambishi a- kinamhusu mtu yeyote. Kwa hiyo katika andiko la sheria, mlango ni mpana na hauna jinsia. Mchujo wenyewe umeachiwa vyama, na ndani ya vyama hakuna orodha ya sifa iliyobandikwa ukutani.

Swali linalofuata ni hili: kama sheria haisemi, sifa hizo zinazodaiwa hupatikana wapi? Jibu la zamani zaidi lililoandikwa vizuri kwa eneo hili linatoka Rungwe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, na kuchapisha kitabu chake *Good Company* mwaka 1951, alieleza vijiji vya marika. Wavulana wa umri wa kama miaka kumi au kumi na mmoja walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Waliendelea kula kwa mama zao, lakini walilala pamoja, walichunga pamoja, na walijifunza kuzungumza, kubishana na kukarimiana, jambo ambalo Wanyakyusa waliliita *ukwangala*. Kizazi cha baba kilipofikia wakati wa kukabidhi mamlaka, wazee walichagua kutoka katika vijiji hivyo wakuu wa vijiji, *amafumu*. Hao hawakuwa wa ukoo wa chifu. Walichaguliwa kwa tabia na busara zao, yaani kwa sifa hasa, na mtu anayependa hoja ya "sifa tu" angeufurahia utaratibu huo.

Ila hapakuwa na kijiji cha wasichana. Mwanamke aliingia katika kijiji cha rika kwa njia ya ndoa, akiwa mke wa mwenyeji. Wazee waliokaa kumteua mkuu wa kijiji hawakuwa na haja ya kusema kwamba mwanamke hafai; jina lake halikufika mbele yao, kwa sababu hakuwahi kulala katika kibanda ambamo busara ya uongozi ilionekana na kushuhudiwa na wenzake. Uteuzi ulikuwa wa haki kwa waliokuwepo. Mwandishi anaona kwamba mfano huu, ingawa ni wa kale, ndio ufunguo wa mjadala wa leo, na anashangaa kwamba hautajwi katika tasnifu zinazojadili uongozi wa wanawake mkoani Mbeya.

Tukirudi bungeni, Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika kuanzia 1962 hadi 1973, kisha kuanzia 1975 hadi 1994. Alikuwa mjukuu wa Mtwa Mkwawa na mtemi wa Wahehe. Ndiye aliyepokea fuvu la babu yake lilipowasilishwa Kalenga na Gavana Twining mwaka 1954. Ukoo wake na uzoefu wake katika utemi vilikuwa sehemu ya sifa zake, na hakuna aliyesema kwamba amepewa kiti kwa sababu ni mwanamume. Haya hayasemwi ili kupunguza heshima yake. Yanasemwa kwa sababu utemi nao ulikuwa chuo cha uongozi, na chuo hicho kiliandikisha wanafunzi kwa njia inayojulikana.

Suala la Anne Makinda ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Mwezi Novemba 2010 Chama cha Mapinduzi kilipeleka bungeni jina lake baada ya kuteua wagombea watatu, wote wanawake: yeye, Anna Abdallah na Kate Kamba. Samuel Sitta, aliyekuwa Spika tangu 2005, aliachwa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba umefika wakati wa mwanamke kukalia kiti hicho. Mjadala uliozuka ulikuwa ule ule wa kichwa cha makala haya: wengine walipongeza, wengine wakasema chama kimetanguliza jinsia mbele ya sifa, na wengine wakadai kwamba jinsia ni pazia la kumwondolea Spika aliyelipa Bunge meno wakati wa kashfa ya Richmond.

Sasa tazama kilichopotea katika kelele hizo. Makinda aliingia bungeni mwaka 1975. Alikuwa amewahi kuwa waziri na mkuu wa mkoa. Alikuwa mbunge wa jimbo la Njombe Kusini tangu 1995, jimbo la kupigiwa kura na si la kuteuliwa. Alikuwa Naibu Spika kwa miaka mitano mfululizo, akikalia kiti kile kile kila Spika alipokuwa hayupo. Kama kungekuwa na mizani ya sifa, ni wagombea wachache sana nchini ambao wangepimwa naye. Hata hivyo, kwa kuwa chama kilimtangaza kwa jinsia, umma ulimsoma kwa jinsia. Uzoefu wa miaka thelathini na mitano ukawa tanbihi. Hapa mwandishi anakubaliana kwa kiasi fulani na wapinzani wa upendeleo wa kijinsia, ingawa kwa sababu iliyo kinyume na yao. Kosa halikuwa kumchagua mwanamke badala ya mwenye sifa. Kosa lilikuwa kumchagua mwenye sifa na kisha kumtambulisha kana kwamba hana nyingine isipokuwa uanamke wake. Kwa maana ile ya pili ya neno, alinyimwa sifa na wale wale waliompa cheo.

Njia ya Tulia Ackson ilikuwa tofauti. Yeye alikuwa na vyeti ambavyo wapenda vyeti huviuliza: shahada ya uzamivu ya sheria ya Chuo Kikuu cha Cape Town, uhadhiri katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na unaibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Pamoja na hayo, aliingia bungeni mwaka 2015 kwa uteuzi wa Rais, akawa Naibu Spika mwaka huo huo. Mwaka 2020 aligombea Mbeya Mjini na kutangazwa mshindi dhidi ya Joseph Mbilinyi, msanii aliyelishikilia jimbo hilo tangu 2010. Mwaka huo huo Iringa Mjini ilipata mbunge mwanamke, Jesca Msambatavangu, mahali pa Mchungaji Peter Msigwa, naye aliyekuwapo tangu 2010. Mtafiti atavutwa kuandika kwamba wapiga kura wa miji hii miwili waliamua kwa pamoja kuhusu jinsia. Asifanye hivyo. Vyama vikuu vya upinzani viliyakataa matokeo ya uchaguzi ule, na matokeo yanayobishaniwa kiasi hicho hayawezi kubeba hitimisho kuhusu mioyo ya wapiga kura. Kinachothibitika ni kidogo zaidi: nafasi ya kuteuliwa ilimpa uzoefu wa kiti, na uzoefu huo ukawa sifa. Alipochaguliwa kuwa Spika Februari 2022 baada ya Job Ndugai kujiuzulu, na alipochaguliwa kuongoza Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba 2023, hoja ya "jinsia au sifa" haikusikika kwa nguvu ya 2010. Mlango ulitangulia, sifa ikafuata.

Wapo wanaopendekeza kwamba mjadala huu umalizwe kwa kuweka kiwango cha elimu katika Katiba. Uganda inamtaka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Kenya inadai shahada kwa anayegombea urais au ugavana. Pendekezo linaonekana safi, kwa kuwa cheti hakina jinsia. Lakini nchini Tanzania, hadi Novemba 2021, msichana aliyepata ujauzito akiwa katika shule ya serikali aliondolewa na hakuruhusiwa kurudi. Mvulana aliyehusika, kama hakushitakiwa, aliendelea na masomo. Wanawake walioondolewa kwa utaratibu huo leo wako katika umri wa kugombea. Isitoshe, Iringa na Njombe ni mikoa ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikipeleka wasichana wadogo Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kiasi kwamba jina la Iringa, katika mazungumzo ya mijini, hutajwa kana kwamba ni chimbuko la wafanyakazi hao. Kigezo cha cheti kingekuta kazi ya kuchuja imekwisha kufanyika jikoni kwa watu wengine.

Katiba yenyewe inatambua jambo hili. Ibara ya 13, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2000 inakataza ubaguzi wa jinsia, inaeleza kwamba hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Viti maalumu, ambavyo kwa Ibara ya 66 havipungui asilimia 30, vimejengwa juu ya msingi huo. Katika Bunge lililochaguliwa 2020, wabunge wa viti maalumu walikuwa 113, ilhali kati ya majimbo 264 wanawake walioshinda hawakufika 30.

Ni hapo ambapo tatizo la sifa linajitokeza upya, safari hii likiwa limeandikwa. Mbunge wa viti maalumu hana jimbo, kwa hiyo hana Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo wa kuusimamia. Kazi ambayo wapiga kura wa Kilolo au Mbarali huiona kwa macho, ya bati za zahanati na madawati, huonekana ni ya mbunge wa jimbo peke yake. Na Ibara ya 51 inaelekeza kwamba Waziri Mkuu ateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa katika majimbo. Mwanamke aliyekaa bungeni vipindi vinne kwa viti maalumu, akaongoza kamati na kupitia bajeti ishirini, hana sifa ya uwaziri mkuu. Mbunge wa jimbo aliyeapishwa wiki iliyopita anayo. Tangu uhuru hadi sasa hakuna mwanamke aliyeshika cheo hicho.